Hatua Sitini na Mbili Ndani ya Kenya

Konstebo Wandera alifungua kitabu cha ajali, akakigeuza kimtazame Apendi, akaweka kidole kwenye mstari aliotaka ausome.

"Hapo. Hatua sitini na mbili kutoka jiwe la mpaka, upande wa Kenya. Nilipima mwenyewe."

"Kwa miguu yako?"

"Kwani ningepima kwa ya nani, mama?"

Apendi alinakili tarakimu hiyo kwenye daftari lake. Alikuwa karani wa madai katika ofisi ya wakala wa bima mjini Tororo. Kabla ya hapo alikuwa muuguzi kwa miaka kumi na mmoja, mpaka mume wake alipofariki na zamu za usiku zikagongana na watoto wanne. Kazi ya kwenda barabarani haikuwa yake. Ofisi ilikuwa na mchunguzi, mwanamume, ila juma lile alikuwa amelazwa na homa ya matumbo. Bwana Kanji, wakala mwenyewe, alimpa Apendi nauli ya basi, faili, na maagizo ya maneno matatu: thibitisha, saini, funga.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo kwa kulisimulia. Jumatatu ya tarehe nne Juni, mwaka 1956, yapata saa kumi na mbili na nusu asubuhi, pikipiki ya duka moja la vipuri la Tororo ilimgonga mtu aliyekuwa akitembea kwa miguu pale Busia. Mwendeshaji aliitwa Elungat, tarishi wa duka, aliyekuwa akipeleka mkanda wa mashine ya kusaga kwa mteja upande wa Kenya. Aliyegongwa aliitwa Oguttu, Msamia wa Kenya, fundi cherehani. Pikipiki ilikuwa na bima. Hati ya bima ilisema "ndani ya Protektoreti ya Uganda", basi. Mwenye duka hakutaka kulipia kipande cha Kenya, kwa hoja kwamba ni safari za dakika kumi. Kwa hiyo bima iliifuata pikipiki ile mpaka kwenye jiwe. Ikilivuka jiwe, ilikwenda peke yake.

"Soma ulichokikuta," Apendi alisema.

Wandera alisoma kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi mbele ya hakimu. "Pikipiki moja, imelala upande wa kulia. Gurudumu la mbele limepinda. Taa ya mbele imevunjika. Mwanamume mmoja, hana fahamu, mguu wa kushoto umevunjika chini ya goti. Mwendeshaji alikuja kituoni mwenyewe kutoa taarifa. Tulifika naye mahali hapo baada ya dakika arobaini."

"Kwa nini arobaini? Si karibu?"

"Nilikuwa peke yangu zamu. Nilingoja mwenzangu aje ashike kituo. Hiyo ndiyo sheria."

"Vioo ulivikuta wapi?"

"Vioo gani?"

"Umeandika taa imevunjika. Vioo vyake vilianguka wapi?"

"Mama, mtu anakata roho mbele yangu, nianze kuokota vioo?"

"Sikusema kuokota. Uliviona?"

"Sikuviona." Alifunga kitabu. "Hiyo kampuni yenu imekosa wanaume?"

"Inao. Wako kitandani. Twende ukanionyeshe."

Walikwenda. Jiwe la mpaka lilikuwa nguzo fupi ya saruji iliyofika gotini, pembeni mwa barabara, imezungukwa na majani. Kutoka hapo Wandera alihesabu hatua zake kwa sauti, bila aibu, huku wanawake waliokuwa wakielekea sokoni na mafungu ya mboga wakimpisha. Alipofika sitini na mbili alisimama, akapiga buti chini.

"Hapa."

Udongo wa hapo ulikuwa mweusi, wa kunata, na kando yake nyasi fupi. Apendi alikunja gauni, akapiga magoti, akaanza kupekua nyasi kwa vidole, upande mmoja kisha mwingine. Mwanamke mmoja alisimama na beseni lake kichwani.

"Mama, umepoteza sindano?"

"Nimepoteza taa."

"Mchana huu? Pole!"

Wenzake walicheka, wakaendelea na safari. Apendi alipekua kwa robo saa. Alipata kifuniko cha chupa, ukwato wa ng'ombe na kipande cha sabuni. Kioo hakikuwapo hata cha ukubwa wa punje ya mchele.

"Siku tisa zimepita," Wandera alisema. "Mvua imenyesha."

"Mvua haili vioo," Apendi alijibu, akajikung'uta magoti.

Kutoka hapo alipanda basi mpaka hospitali ya misheni, upande huohuo wa Kenya, alikolazwa Oguttu. Faili lilikuwa na barua ya daktari, lakini barua ya daktari humwambia mtu alichotaka kusema daktari. Apendi alitaka kuongea na dresa aliyeosha kidonda.

Dresa alimkumbuka mgonjwa vizuri. "Goti lilikuwa limejaa changarawe. Nilizitoa moja moja kwa koleo, kama mtu anayechambua mtama."

"Rangi gani?"

"Nyekundu."

"Udongo mweusi je?"

"Kwenye shati ulikuwapo, mgongoni. Kidondani hapana."

Apendi aliandika maneno yote mawili, kidondani na mgongoni, akayapigia mstari.

Oguttu alikuwa amelala kitanda cha mwisho wodini, mguu wa kushoto ukiwa ndani ya plasta nzito. Hata kwa juu ilionekana kwamba mguu haukunyooka. Mke wake, Awor, aliketi kwenye mkeka sakafuni. Alikuwa Mjapadhola kama Apendi, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, na ndiye aliyekwenda mpaka Tororo siku ya tatu kupeleka madai. Apendi alijitambulisha, karani wa bima aliyewahi kuwa muuguzi. Awor hakuinuka.

"Wewe sista, sema kweli. Umekuja kutulipa au kutunyima?"

"Nimekuja kupima."

"Kupima nini? Mguu huo hapo."

"Mahali alipogongwa."

"Mahali ndipo patakapomtibu?"

"Kwa kampuni, ndiyo," Apendi alisema, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Awor alimweleza aliyoambiwa na daktari. Mfupa ulikuwa unaanza kushikana ukiwa umepinda. Ilibidi mgonjwa apelekwe hospitali kubwa Kisumu, mguu ufunguliwe na kunyooshwa, na kazi hiyo ifanywe kabla ya siku nyingine kumi na nne kupita. Baada ya hapo mfupa ungekuwa umekwisha kuungana. Kisumu walihitaji barua ya mtu atakayebeba gharama. Barua hiyo ingetoka kwa kampuni ya bima, au isitoke kabisa.

"Fundi," Apendi alimgeukia Oguttu, "cherehani yako ni ya mkono au ya miguu?"

"Ya miguu. Na inataka yote miwili. Mmoja unasukuma, mwingine unarudisha. Nikibaki na mmoja nitashona suruali za upande mmoja."

"Usicheke, baba Odwori," mke wake alimkemea.

"Nalia kwa kucheka. Si nimelala hapa siku tisa?"

"Unakumbuka nini asubuhi ile?"

Oguttu alifumba macho. Alikuwa amelala kwa dada ya Awor, Busia upande wa Uganda, akatoka alfajiri na bunda la kaki mgongoni kurudi kwake. "Nakumbuka chai. Shemeji yangu alinipa chai bila sukari. Baada ya hapo nakumbuka dari hii."

"Kulikuwa na ukungu?"

"Sista, nimekwambia. Chai, dari."

Saa saba na nusu Apendi alikuwa amerudi kwenye jiwe la mpaka. Aliketi kwenye ukingo wa mfereji, akala kiazi alichokuja nacho kutoka nyumbani, akafungua daftari kwenye kurasa za jana. Jana alikuwa amemhoji Elungat, nyuma ya duka la vipuri, na kijana yule alikuwa amejibu kila swali mara mbili kwa hofu. Apendi alisoma alichoandika kwa maneno ya Elungat mwenyewe.

*Nilimwona mtu dakika ya mwisho. Nikaanguka. Nilipoinuka yeye amelala, haamki. Nikajua nimeua. Watu watanipiga. Nikakimbia polisi. Ukungu ulikuwa mwingi. Nikajikwaa kwenye jiwe la mpaka, nikachubuka goti. Nikaamka, nikakimbia tena.*

Aliulizwa pia kama ajali ilitokea Kenya. Jibu lilikuwa chini yake: *Polisi alisema ni Kenya. Mimi nani nibishane na polisi?*

Apendi alikuwa ameliona lile goti. Aliandika "mchubuko, goti la kulia, unapona" na kugeuza ukurasa, kama muuguzi. Alikuwa ameshughulikia goti akaliacha jiwe.

Sasa alilitazama jiwe. Kituo cha polisi kilikuwa mbele, Kenya. Mahali alipopaonyesha Wandera palikuwa kati ya jiwe na kituo. Mtu aliyegonga pale, akakimbilia kituoni, angeliacha jiwe nyuma yake tangu hatua ya kwanza. Hawezi kujikwaa kwenye kitu asichokipita. Ama Elungat alikimbia upande usio wake ndani ya ukungu akageuka, ama alitokea Uganda.

Ukungu ungeweza kumpoteza mtu. Apendi hakutaka kuandika ripoti juu ya ukungu. Alifunga daftari, akasimama mgongo kwa Kenya, akaanza kuhesabu hatua kuelekea Uganda, macho chini.

Upande huu barabara ilikuwa imemwagwa changarawe mwezi uliopita, nyekundu, ikaishia kwenye jiwe kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi. Alihesabu arobaini, themanini, mia. Kwenye hatua ya mia na kumi na nane aliona mahali ambapo changarawe ilikuwa imekwanguliwa, upana wa mkeka, na udongo mwingine ukarudishwa juu. Kazi ya jembe. Watu wa barabara hutumia beleshi, na huwa hawafanyi kipande kidogo hivyo. Alishuka kwenye mfereji, akapekua majani. Kioo cha kwanza kilimchoma kidole. Cha pili kilikuwa kimepinda kidogo, na mistari ya kioo cha taa. Alipata saba. Alivifunga kwenye leso.

Boma lililokuwa karibu lilikuwa umbali wa kurusha jiwe, nyumba mbili za nyasi na ghala la wimbi. Mwanamke alikuwa akipepeta uani. Pembeni ya ghala ngozi ya mbuzi ilikuwa imewambwa chini kwa vijiti, manyoya yakiwa bado hayajafifia.

"Yoga," Apendi alisalimu kwa Kiteso, kwa kuwa hicho ndicho Kiteso alichokuwa nacho.

"Yoga. Karibu, mama." Mwanamke alimpa kigoda. Alisema jina lake ni Amoit, na hii ni nyumba ya Opolot.

"Mmechinja," Apendi alisema.

"Ndiyo."

"Mlipata mgeni?"

"Hapana."

"Harusi?"

"Hapana."

"Mbuzi alikuwa mgonjwa?"

"Alikuwa mzima," Amoit alisema, na hapo hapo akaonekana kujuta kutokudanganya.

Mwenye nyumba alitokea shambani, jembe begani, kifua wazi. Alisikia neno la mwisho.

"Hiyo mbuzi ni yangu," Opolot alisema. "Kodi nimelipa. Sasa serikali nakuja kuhesabu ngozi?"

"Mimi si serikali, mzee. Mimi ni wa bima, Tororo."

"Bima ndiyo nini?"

"Wanaolipa mtu akigongwa na pikipiki."

Opolot alishusha jembe. Amoit aliacha kupepeta.

"Hapa hakuna mtu nagongwa," Opolot alisema.

Apendi alifungua leso kwenye mapaja. "Vioo hivi nimevitoa kwenye mfereji wako. Barabara imekwanguliwa mbele ya nyumba yako. Na umechinja mbuzi mzima bila mgeni. Nyama mlikula?"

Amoit aliinamisha macho kwenye ungo wake.

"Hamkula. Hata kwetu Padhola tuna mbuzi wa namna hiyo. Anachinjwa mahali mtu alipofia, cha tumboni mwake kinapakwa chini, nyama inakwenda kwa wazee. Nani alifia hapo barabarani, mzee?"

Opolot aliketi kwenye mpini wa jembe lake. Alipoanza kusema alisema haraka, kama mtu anayetua mzigo.

"Mwaka jana mtu alikufa katika shamba ya Emong. Emong alimkuta tu. Asubuhi, amelala katika muhogo yake. Akaita watu. Unajua alipata nini? Miezi tatu selo. Na ukoo ya marehemu wakakuja kuchukua ng'ombe, wakisema, amekufa kwako, tulipe. Emong hata jina ya ile mtu hakujua."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tulisikia kishindo. Tukatoka. Mtu amelala, damu, hapumui. Mwenye pikipiki amekimbia. Nikaita ndugu yangu. Tukabeba."

"Mpaka Kenya."

"Mpaka ng'ambo ya jiwe. Yeye nguo yake ilikuwa ya watu ya kule. Afie kwao."

"Na pikipiki?"

"Pikipiki pia. Gurudumu ilikataa kuzunguka. Mimi na ndugu yangu tuliinua. Nzito kama fahali!" Kwa sekunde moja ilionekana bado anaisikitikia ile nguvu. "Halafu tukachinja. Kwa sababu damu ilishaanguka kwetu."

Ndivyo ilivyokuwa. Hesabu ya Wandera ilikuwa sahihi kwa kila hatua. Alichopima ni mwisho wa safari ya wabebaji.

"Hakufa," Apendi alisema.

Amoit aliweka ungo chini. "Nani?"

"Mtu wenu. Jina lake Oguttu, anashona nguo. Nimetoka kwake leo. Anafanya mzaha wodini mpaka mke wake anamkemea."

Amoit alimgeukia mume wake, akamwambia maneno ya Kiteso kwa sauti ya chini, marefu. Opolot alitazama ngozi iliyowambwa. Apendi hakuhitaji mkalimani. Walikuwa wamefanya mambo ya maiti kwa mtu anayepumua.

"Umesikia, mama?" Amoit alimwambia Apendi kwa Kiswahili. "Sisi tulimzika. Mtu wa watu, mzima, tukamsafishia kifo. Hiyo ni kumwitia kaburi akiwa hai. Mimi nilishika mguu yake ya kulia. Tangu siku ile silali, nikadhani ni malaria."

"Basi kuna la kufanya," Apendi alisema. Alitoa karatasi ya maelezo ya shahidi. "Mkiniambia mlimkuta wapi, nikaandika, mkatia kidole, kampuni itampeleka Kisumu akanyooshwe mguu. Msiponiambia, kampuni itafunga faili kwa hatua sitini na mbili za polisi, na hatashona tena."

"Nikitia kidole, polisi anakuja," Opolot alisema.

"Atakuja. Sikudanganyi. Konstebo atakasirika, na mkungu, mkuu wa kijiji chenu, atakuita. Pengine faini. Lakini selo ya Emong ilikuwa ya maiti, na hapa maiti hakuna. Umembeba mtu aliyejeruhiwa ukampeleka karibu na polisi. Hakimu amesikia mabaya zaidi ya hayo kabla ya chai."

"Wewe unasema hivyo kwa sababu kidole siyo yako."

"Kweli kabisa."

Opolot hakutegemea jibu hilo. Wakati bado analitafakari, Amoit alisogeza kigoda chake, akanyoosha mkono. "Wino iko wapi?"

"Amoit!"

"Nilishika mguu, nitashika na karatasi."

Apendi aliandika. Mahali: Uganda, hatua mia moja na kumi na nane kutoka jiwe la mpaka, mbele ya boma la Opolot. Aliandika kishindo, ukungu, waliobeba, na pikipiki iliyoinuliwa. Alisoma kwa sauti mara mbili. Amoit alitia dole gumba, akalipangusa kwenye majani. Opolot alizunguka ghala mara moja, akarudi, akatia lake kwa nguvu hata karatasi ikatoboka kidogo. Ndugu yake angehojiwa baadaye. Mashahidi wawili na vioo saba vilitosha. Bwana Kanji angekunja uso, angeuliza Apendi anafanyia kazi nani, kisha angesaini, kwa sababu alikuwa mtu wa karatasi na karatasi ilikuwa imekamilika. Barua ya Kisumu ingepigwa chapa kesho asubuhi.

Alikuwa anafunga kidau cha wino Opolot aliposema tena.

"Mguu gani ndio mbaya?"

"Wa kushoto."

Opolot aliitazama mikono yake. "Hiyo nilishika mimi. Ilikuwa inaning'inia, inatusumbua. Nikaikunja, nikafunga na kamba ya ng'ombe. Mfupa ikalia. Nikasema, maiti haisikii."

Apendi alijua vizuri mguu uliovunjika huwaje mtu akiukunja na kuufunga kamba. Alijua pia wakili wa kampuni angefanya nini na sentensi ile moja: angeigawa fidia vipande viwili, cha pikipiki na cha kamba, na mabishano yangechukua miezi minane. Mfupa ulikuwa na siku kumi na nne.

"Uandike na hiyo," Opolot alisema.

Apendi alitazama karatasi. Chini ya alama za vidole palikuwa na nafasi ya mistari mitatu hivi. Alikunja karatasi, akaitia kwenye faili, akafunga kamba ya faili.

"Fomu inauliza mlimkuta wapi. Umeshajibu."

"Na yeye akiuliza?"

"Yeye utamjibu mwenyewe. Wodi yao inafungua kwa wageni saa kumi. Basi linapita mbele ya kituo cha polisi, ng'ambo, saa tisa."

Opolot aliinuka, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa shati, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni. Amoit alikuwa ameshamtangulia barabarani, kuku kwapani, anaelekea kwenye jiwe.